Utofauti wa asili za watu katika data za jenomu: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya ni kwa mtu aliyeombwa kutoa damu au mate kwa utafiti wa vinasaba, kwa muuguzi au mratibu anayeomba ridhaa, kwa mjumbe wa kamati ya maadili, na kwa mwanafunzi anayeanza kuchambua data. Ruka swali lisilokuhusu.

"Data za jenomu" ni nini hasa?

Jenomu ni maandishi yote ya urithi yaliyomo ndani ya chembe hai ya mwili. Ni herufi kama bilioni 3.1 za A, C, G na T, na kila mtu ana nakala mbili: moja ya mama, moja ya baba. Watu wawili wowote duniani hufanana kwa takriban asilimia 99.9 ya herufi hizo. Kilichobaki bado ni mamilioni ya sehemu ambapo herufi yako ni tofauti na ya jirani yako. Sehemu hizo hapa tunaziita mabadiliko. Mengi hayana madhara yoyote, machache yanaleta ugonjwa, na mengine yanakinga.

Faili la herufi peke yake halitoshi. Mradi wa kimataifa wa Jenomu 1000, uliokamilika mwaka 2015 kwa watu 2,504 kutoka makundi 26 ya dunia, una kundi moja tu la Afrika Mashariki, nalo ni Waluhya wa Webuye, Kenya. Wachambuzi duniani kote wanalitumia kundi hilo kila siku. Lakini sampuli hizo hazikuambatanishwa na taarifa za afya: hakuna shinikizo la damu, hakuna sukari, hakuna historia ya malaria. Zinatuonyesha mabadiliko gani yapo Webuye, lakini hazisemi mabadiliko hayo yanamfanya nini mtu. Data zenye thamani kwa tiba ni zile zinazounganisha jenomu na kumbukumbu za hospitali kwa miaka mingi. Ndiyo maana kundi la wagonjwa wa selimundu wanaofuatiliwa Muhimbili, Dar es Salaam, tangu mwaka 2004 lilikuwa hazina kubwa kuliko maelfu ya sampuli za damu zisizo na historia.

Pengo ni kubwa kiasi gani?

Mwaka 2009, kati ya kila watu 100 waliokuwa katika tafiti zinazolinganisha jenomu nzima na magonjwa, 96 walikuwa wenye asili ya Ulaya. Mwaka 2016 walikuwa 81, na sehemu kubwa ya nafuu hiyo ilitoka Asia. Kufikia katikati ya mwaka 2021 idadi ilikuwa imepanda tena hadi 86, na wenye asili ya Kiafrika walikuwa takriban mmoja tu. Hilo la mwisho ndilo linalotutia wasiwasi zaidi. Idadi ya Waafrika waliopimwa iliongezeka, lakini hifadhi kubwa za Ulaya zilikua kwa kasi zaidi. Ile ya Uingereza, UK Biobank, ina watu 500,000, na takriban 94 katika kila 100 ni weupe.

Si sote ni binadamu? Kwa nini kipimo kilichotengenezwa kwa Wazungu kisifanye kazi kwa mtu wa Mwanza?

Mwili ni uleule, na jeni, yaani vipande vya jenomu vyenye maelekezo ya kazi za mwili, ni zilezile. Kinachotofautiana ni mabadiliko yapi yameenea wapi, na yanasafiri pamoja na nini.

Chukua maziwa. Watu wengi duniani wakishakua hupoteza uwezo wa kumeng'enya sukari ya maziwa. Wazungu wengi wanaobaki na uwezo huo wana badiliko moja linalojulikana sana. Ukimpima Mmasai kwa badiliko hilo la Ulaya, mara nyingi hulikuti, na kipimo kitasema maziwa yatamsumbua tumbo. Jamii nzima ya wafugaji inaishi kwa maziwa, na karatasi ya maabara inasema haiwezekani! Mwaka 2007, utafiti uliohusisha watu 470 kutoka Tanzania, Kenya na Sudan ulionyesha kuwa wafugaji wa huku wana mabadiliko mengine, jirani kabisa na lile la Ulaya, yanayofanya kazi ileile. Kipimo kilifanya kilichoundwa kufanya. Aliyekiunda alitazama watu wa upande mmoja tu.

Sababu ya pili ni fiche zaidi. Tafiti nyingi hazisomi herufi zote, kwa kuwa ni ghali. Zinatumia chipu inayosoma alama laki kadhaa hadi milioni chache, kwa kutegemea kwamba alama na badiliko lenye madhara vimerithiwa pamoja. Urithi huchanganywa kila kizazi kama karata. Watu waliotoka Afrika miaka zaidi ya 50,000 iliyopita walikuwa kikundi kidogo, hivyo kwa wazao wao vipande virefu vya jenomu bado vimeshikana. Afrika ndiko watu walikoishi muda mrefu zaidi, na karata zimechanganywa mara nyingi zaidi, kwa hiyo vipande ni vifupi. Alama iliyoliwakilisha vizuri badiliko lenye madhara kule London, huku inaweza kuwa imekwisha kuachana nalo.

Sababu hizi zikijumlishwa, matokeo yake yanapimika. Alama za hatari zinazokusanya athari za jeni nyingi, zilizotengenezwa kwa data za Wazungu, zilipojaribiwa kwa watu wenye asili ya Kiafrika usahihi wake ulishuka takriban mara 4.5 kwa wastani. Hayo yalichapishwa mwaka 2019. Kliniki inayotumia alama hizo bila kuzirekebisha inawapa baadhi ya wagonjwa wake takwimu isiyo na maana, tena kwenye karatasi yenye sura ya kitaalamu.

Kuna mgonjwa aliyeumia kwa sababu ya pengo hili?

Wapo. Mifano mitatu hii imechapishwa na kuthibitishwa.

Wa kwanza ni wa ugonjwa wa kurithi wa misuli ya moyo kunenepa, unaoweza kuua kijana ghafla. Mwaka 2016 watafiti wa Marekani walipitia upya mabadiliko yaliyokuwa yameandikwa kuwa ndiyo chanzo cha ugonjwa huo. Baadhi yake yalikuwa ya kawaida tu kwa Wamarekani weusi, hayana madhara. Wagonjwa weusi walikuwa wameambiwa wana jeni la ugonjwa wakati hawana, na majibu kama hayo hupelekea ndugu na watoto nao kupimwa kwa kitu kisichokuwepo. Watafiti walionyesha kuwa kuweka hata Wamarekani weusi wachache kwenye kundi la kulinganishia kungetosha kuzuia kosa hilo. Si maelfu. Wachache.

Wa pili ni dawa ya kuzuia damu kuganda, warfarini. Dozi ikizidi mtu hutoka damu, ikipungua damu huganda. Mwaka 2013 jaribio kubwa lilipima kama dozi ikikokotolewa kwa kutumia jeni itakuwa bora kuliko kukokotolewa kwa umri, uzito na taarifa nyingine za kawaida. Kwa jumla haikuwa na tofauti, lakini kwa washiriki weusi njia ya jeni ilikuwa mbaya zaidi: walikaa ndani ya kiwango salama kwa muda mfupi kuliko wenzao wasiotumia jeni. Hesabu ile ilikuwa na mabadiliko yanayopatikana Ulaya na haikuwa na yale yanayopatikana zaidi kwa Waafrika.

Wa tatu unahusu kliniki za kisukari za huku moja kwa moja. Kipimo cha HbA1c kinakadiria sukari ya miezi miwili hadi mitatu kwa kutazama sukari iliyoshikamana na chembe nyekundu. Mwenye upungufu wa G6PD, kimeng'enya kinacholinda chembe nyekundu za damu, wa aina iliyoenea Afrika ana chembe nyekundu zinazoishi muda mfupi zaidi, kwa hiyo sukari haipati muda wa kushikamana, na kipimo kinasoma chini kuliko hali halisi. Utafiti wa mwaka 2017 ulikuta kwamba kwa wanaume wenye badiliko hilo HbA1c inashuka kwa takriban nukta 0.8. Mtu anayepaswa kusoma 6.9 na kuanzishiwa matibabu anasoma 6.1 na kurudishwa nyumbani. Uganda nako, katika data zilizochapishwa 2019, badiliko jingine la damu, la talasemia ya alfa, lilionekana kuathiri kipimo hichohicho. Ushauri wa vitendo: HbA1c isipolingana na dalili au na sukari ya kidoleni, amini glukosi ya kufunga au ya saa mbili baada ya kunywa glukosi.

Je, kuwapima watu wa asili tofauti kunawafaa wao tu?

Hapana. Huko Texas na majimbo mengine ya Marekani, watafiti waligundua kuwa kati ya Wamarekani weusi, takriban 2.6 kwa kila 100 wana mabadiliko yanayozima jeni la PCSK9. Lehemu mbaya yao ilikuwa chini kwa asilimia 28 na hatari ya ugonjwa wa mishipa ya moyo ilipungua kwa asilimia 88, na afya zao hazikuwa na kasoro. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2006. Mwaka 2015 dawa mbili zinazozuia PCSK9 ziliidhinishwa Marekani, na leo zinawatibu watu wa kila rangi. Kwa Wazungu mabadiliko hayo ni adimu mno.

Kuna na jeni la APOL1. Aina zake mbili, zilizotambuliwa mwaka 2010, zinaongeza sana hatari ya figo kushindwa kwa mtu aliyerithi mbili, moja kila upande. Zimeenea kwa watu wenye asili ya Afrika kusini mwa Sahara kwa sababu zinasaidia kupambana na vimelea vya malale. Kwa miaka mingi figo za Wamarekani weusi zilizoharibika ziliandikiwa "shinikizo la damu" na mjadala ukaishia hapo. Sasa kuna dawa inayolenga APOL1 yenyewe, na matokeo yake ya mwanzo yalichapishwa 2023.

Mbari, kabila na nasaba: ni kitu kimoja?

Ni vitu vitatu, na kuvichanganya ndiko chanzo cha makosa mengi.

Mbari, au rangi kama watu wengi wanavyosema, ni mgawanyo uliowekwa na jamii na serikali. Visanduku vya sensa ya Marekani vilipangwa mwaka 1997 na kubadilishwa 2024, na bila shaka jenomu za watu hazikubadilika mwaka huo. Kabila ni lugha, mila na utambulisho. Nasaba, neno lilelile lililozaa "vinasaba", ni njia halisi ambazo urithi wako umepitia hadi kukufikia. Mwaka 2023 Akademia za Taifa za Sayansi za Marekani zilishauri wazi kwamba mbari isitumike kama mbadala wa nasaba katika utafiti wa jenetiki.

Hiyo haimaanishi usiulize mbari. Ubaguzi, kipato, umbali wa hospitali na chakula vinaathiri afya, na mbari inakusaidia kuona hayo. Uliza, ila andika unaitumia kwa kazi gani.

Kwa nini isitoshe kuongeza kisanduku kimoja cha "Mwafrika"?

Kwa sababu Afrika ndiko kwenye utofauti mkubwa kuliko bara lolote. Mwaka 2020 jenomu 426 tu za watu wa makundi 50 ya lugha na asili barani zilifichua mabadiliko zaidi ya milioni 3 ambayo hayakuwahi kurekodiwa. Kundi linaloandikwa "Kiafrika" katika hifadhidata kubwa za dunia limejaa Wamarekani weusi, ambao nasaba yao nyingi ni ya Afrika Magharibi. Mdatoga, Mhadza au Msomali hayumo humo kwa maana yoyote ya kweli.

Hata jina moja la kabila lina mengi ndani yake. "Mluhya" ni mwamvuli wa Wabukusu, Wamaragoli na wengine wengi. Na "Mswahili"? Mwaka 2023 vilichapishwa vinasaba vya kale vya watu 80 kutoka makaburi ya pwani na maeneo ya jirani, ikiwemo Mtwapa, Manda, Songo Mnara na Kilwa. Wengi wa miji ya pwani walikuwa na nasaba ya Kiafrika iliyopitia zaidi kwa wanawake na nasaba ya Asia, hasa Uajemi, iliyopitia zaidi kwa wanaume, na mchanganyiko ulianza takriban mwaka 1000. Viwango vilitofautiana toka mji hadi mji. Ukimwandika mtu wa Lamu "Mwafrika" au "Mwarabu" na kuishia hapo, umepoteza taarifa uliyokuwa nayo mkononi.

Naishi Marekani na nimealikwa kwenye programu ya All of Us. Ni nini?

Ni programu ya taifa ya utafiti wa afya iliyofunguliwa kwa umma Mei 2018 kwa lengo la kuandikisha watu milioni moja au zaidi, ikitoa kipaumbele kwa wale ambao tafiti ziliwaacha nyuma. Jenomu 245,388 zilizotangazwa Februari 2024 zilikuwa na mabadiliko zaidi ya milioni 275 yasiyojulikana kabla, na asilimia 77 ya washiriki walitoka katika jamii zilizoachwa. Mshiriki hujaza dodoso, huruhusu kumbukumbu zake za hospitali kusomwa, na hutoa damu au mate. Ukitaka, unaweza kupewa majibu ya jeni 59 zinazohusishwa na magonjwa ya kurithi, yakiwemo saratani ya matiti, na ya namna mwili wako unavyopokea baadhi ya dawa.

Programu imeendeshwa kwa Kiingereza na Kihispania. Kama lugha zako ni Kiswahili na Kinyamulenge, usisaini kwa kumtegemea mwanao wa darasa la saba akutafsirie sebuleni. Omba mkalimani wa kliniki, na kama hayupo, subiri. Jua pia kwamba kwenye vipimo vya jeni kwa jumla wenye asili ya Kiafrika hupata mara nyingi zaidi jibu la "badiliko ambalo maana yake haijajulikana". Jibu hilo si ugonjwa, na mtu asifanyiwe upasuaji kwa sababu yake.

Watachukua damu kiasi gani, na inaenda wapi?

Kwa kawaida mililita 4 hadi 10, yaani chini ya kijiko kimoja hadi viwili vya chai. Mwili hurudisha kiasi hicho upesi. Mate ni mililita 2 bila kuhesabu povu, na nusu saa kabla usile, usinywe, usivute na usitafune chochote, miraa na ugoro ikiwa ndani yake.

Hadithi za mumiani wanaonyonya damu zina umri mrefu pwani na bara, na mratibu asizicheke. Anayeuliza damu inaenda wapi ameuliza swali la msingi kuliko yote. Mwonyeshe mrija mtupu kabla ya kumchoma, mwambie jina la maabara, jina la nchi, na miaka ambayo sampuli itatunzwa. Ukishindwa kutaja vitu hivyo, hauko tayari kuomba damu ya mtu.

Si ndiyo kile kipimo cha kujua baba wa mtoto?

Kwa watu wengi wa Kenya na Tanzania "kupima DNA" maana yake ni kesi ya baba mzazi, kwa hiyo jibu hili litolewe hata kama halijaulizwa. Utafiti wa magonjwa hautafuti baba. Lakini mradi unaochukua sampuli za wazazi na watoto huiona hali hiyo bila kuitafuta, kwa sababu hatua ya kukagua ubora hulinganisha undugu. Fomu ya ridhaa iseme bayana kwamba taarifa hiyo haitatolewa kwa yeyote, na mradi ushike neno lake. Tanzania ina sheria mahususi ya vinasaba vya binadamu ya mwaka 2009, na vipimo vya nasaba kwa ajili ya mashauri huenda kwa Mkemia Mkuu wa Serikali kwa utaratibu wake.

Kwenye fomu ya ridhaa nisome nini kwanza?

Tafuta kama ridhaa ni ya ugonjwa mmoja au ni pana, yaani sampuli itumike kwa tafiti zijazo zisizojulikana leo. Waliotoa damu bila kuelewa tofauti hiyo wameumizwa. Wahavasupai, wenyeji asilia wa Arizona, Marekani, walitoa damu miaka ya 1990 wakijua inatafutwa tiba ya kisukari kilichowaandama. Baadaye waligundua ilitumika pia kuchunguza ugonjwa wa akili wa skizofrenia, ndoa za ndugu na asili ya uhamaji wao, jambo lililogongana na imani yao ya walikotoka. Mwaka 2010 chuo kikuu kilichohusika kililipa dola 700,000 na kurudisha sampuli. Majirani zao Wanavajo walikuwa wamekwisha kusimamisha utafiti wa jenetiki katika ardhi yao tangu 2002. Wasan wa Afrika Kusini walitoa kanuni zao wenyewe za watafiti mwaka 2017.

Ridhaa pana si mbaya yenyewe. Bila hiyo kila swali jipya lingehitaji kuwatafuta watu maelfu upya. Ila iwe na kamati inayoamua nani atumie, na ndani ya kamati hiyo wawepo watu wa jamii iliyotoa damu. Mpango wa H3Africa, uliofadhiliwa kutoka Marekani na Uingereza kati ya 2012 na 2022, uliweka benki za sampuli Uganda, Nigeria na Afrika Kusini, na kamati ya kuamua maombi ya data na sampuli.

Sampuli zikipelekwa nje ya nchi?

Lazima pawe na mkataba wa kuhamisha sampuli unaotaja idadi, kazi, muda, na nini kitafanyika kwa mabaki. Tanzania, kibali cha maadili na mkataba huo hupitia NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu. Kenya, pamoja na kamati ya maadili, unahitaji leseni ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu. Uganda ni Baraza la Taifa la Sayansi na Teknolojia. Pengo la kawaida katika mikataba ni moja: inataja damu na haisemi kitu juu ya data zinazotokana na damu. Damu inateketezwa kwa tarehe iliyopangwa, faili linaendelea kuzunguka.

Bima au mwajiri wanaweza kuona?

Data za utafiti hutenganishwa na jina na kupewa namba. Usidanganywe kwamba hiyo inatosha kabisa, maana jenomu yenyewe inakutambulisha wewe na ndugu zako. Ndiyo sababu data za mtu mmoja mmoja huwekwa nyuma ya maombi na saini. Marekani, sheria ya 2008 inakataza bima ya afya na waajiri kutumia taarifa za kijenetiki dhidi yako, lakini haigusi bima ya maisha wala ya ulemavu. Kenya, sheria ya 2019 inaziweka data za kijenetiki kwenye kundi la taarifa nyeti, na Tanzania kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023.

Tunaandaa mradi. Mambo huharibika wapi?

Mapema kuliko watu wanavyodhani, kwenye dodoso. "Kabila lako?" na mstari mmoja haitoshi. Uliza mahali walipozaliwa na lugha walizozungumza bibi na babu wote wanne, ruhusu majibu zaidi ya moja, na ruhusu "sijui". Usiwape wasaidizi orodha ya kuweka tiki iliyotengenezwa makao makuu.

Kisha mrija. Tumia wenye EDTA, kifuniko cha zambarau. Wenye heparini huzuia hatua ya kuzidisha vinasaba maabara, na mara nyingi kosa hilo hugunduliwa miezi baadaye. Weka nyuzi 4, si kwenye friza, hadi utenganishe vinasaba ndani ya siku chache. Kama utachelewa, gandisha mara moja na usiyeyushe hadi siku ya kazi. Kugandisha na kuyeyusha mara kwa mara hukata nyuzi za vinasaba vipandevipande. Umeme ukikatika usiku, jenereta iwe na mtu aliyeandikwa zamu kwa jina.

Usisome wagonjwa wote wiki moja na wazima wote wiki nyingine. Tofauti ya mashine itaonekana kama ugonjwa, na hakuna hesabu itakayokuokoa. Wachanganye kwenye kila sahani ya sampuli maabara tangu mwanzo.

Chipu za zamani zilijazwa alama za Ulaya. Kwa fedha ileile, fikiria chipu iliyoundwa kwa ajili ya Afrika, kama ile ya H3Africa yenye alama kama milioni 2.3, au usomaji wa jenomu nzima. Kwa kina cha mara 30, yaani kila herufi ikisomwa wastani wa mara 30, faili ghafi la mtu mmoja huwa takriban gigabaiti 60 hadi 100. Ukifanya 100, watu 1,000 ni terabaiti 100, na kwa laini ya megabiti 100 kwa sekunde isiyokatika utapakia kwa zaidi ya siku 90. Wengi husafirisha diski, kwa hiyo ziwekwe nywila na zisafiri na mtu anayejua zina nini.

Uchambuzi ndiko data za watu wetu hutupwa kimyakimya. Programu moja inayotumika sana kwa kupanga watu kwa nasaba hufuta, bila kuulizwa, kila aliye mbali zaidi ya mikengeuko sanifu 6 kutoka wastani. Kwenye kundi lenye Wazungu wengi, wanaofutwa ni haohao uliowatafuta kwa gharama. Tazama orodha ya waliofutwa kabla ya kuendelea. Kichujio cha uwiano wa Hardy na Weinberg, kinachokagua kama idadi ya wenye nakala moja na ya wenye nakala mbili za badiliko inalingana na inayotarajiwa, nacho ni mtego: ukichanganya makabila yenye viwango tofauti, mabadiliko ya kweli yatafeli mtihani huo. Badiliko la selimundu lenyewe linaweza kufeli kwa watu wazima, kwa sababu watoto wengi waliorithi nakala mbili walifariki kabla ya kufikia umri wa kuandikishwa. Mchambuzi asiyejua hilo atalifuta kama kosa la maabara. Endesha vichujio ndani ya kila kundi, na jeni unazozijua ziangalie kwa macho.

Mwisho wa bajeti, weka fungu la kurudi. Kwenda kijijini na kusema "tulikuta hiki" kunahitaji gari, mafuta na siku. Mradi usiotenga fedha hizo haurudi.

Nikiamua kujitoa, nini kinafutwa?

Una haki ya kujitoa wakati wowote bila kutoa sababu na bila huduma yako kuguswa. Sampuli iliyobaki inaweza kuteketezwa, na data zako hazitatolewa tena kwa watafiti wapya. Zilizokwisha kupakuliwa na matokeo yaliyochapishwa hayarudi. Mratibu akuambie hivyo kabla ya kuchukua damu. Ombi hufanyiwa kazi kwa namba yako ya ushiriki, na kama kiunganishi cha majina na namba kimeshaharibiwa, hakuna atakayeweza kukutafuta. Uliza tarehe ya kuharibiwa kwake. Nakala yako ya fomu, yenye namba hiyo, iweke pamoja na cheti cha kuzaliwa na kadi ya kliniki.